Mashamba saba ya Tippu Tip: ukoo, deni na karafuu

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa wa Zanzibar ya karne ya 19, anakumbukwa kwa misafara. Ukitaja jina lake, watu wanafikiria pembe za ndovu, bunduki, Tabora na mto Lualaba. Lakini alipofariki kwa malaria Juni 1905, nyumbani kwake Shangani katika Mji Mkongwe wa Unguja, ilikuwa imepita karibu miaka 14 tangu arudi kutoka bara kwa mara ya mwisho. Miaka hiyo yote alikuwa mtu wa pwani, mwenye mashamba na mwenye watumwa.

Hesabu inayonukuliwa mara nyingi ni ya mwaka 1895: mashamba 7, watumwa 10,000. Wengi wanaoinukuu huishia hapo, kana kwamba mashamba yaliota yenyewe na watu wakaja nayo. Yapo mambo matatu ya kuuliza kabla ya kuikubali hesabu hiyo. Shamba lilipatikana kwa fedha za nani? Watu hao walikuwa wake kwa haki ipi mbele ya kadhi, na baadaye mbele ya Waingereza? Na angekufa, nani angewachukua? Ukiyafuata maswali hayo utajikuta kila mara unarudi kwenye ukoo, kwa sababu katika Zanzibar ya karne ya 19 ukoo ulikuwa mtaji wa biashara kama zilivyokuwa shanga na nguo za bafta.

Tuanze na jina. Aliitwa Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab bin Muhammed bin Said el-Murjebi, mzaliwa wa Kwarara, Unguja, yapata 1837. Tippu Tip ni lakabu ya bara. Wapo wanaosema aliitwa hivyo kwa kupepesa macho, wengine husema ni mlio wa bunduki zake. Katika jina kamili, kila "bin" ni hatua moja kwenda juu, na "el-Murjebi" ni nisba, yaani jina la kabila la Kiarabu la Omani ambalo mtu anajihesabu ndani yake. Ukilisoma lilivyo unapata wanaume sita na mwanamke hata mmoja. Hapo ndipo wasomaji wengi wanapopotea, maana milango yote mikubwa ya maisha yake ilifunguliwa na wanawake ambao jina hilo haliwataji.

Mke wa Rajab, baba wa babu yake, alikuwa binti wa Juma bin Muhammed en-Nebhani, mtu wa ukoo wenye heshima Maskati, na mama wa binti huyo alikuwa Mwafrika wa Mbwamaji, kijiji cha pwani kusini ya Dar es Salaam. Kwa hiyo damu ya Mrima, yaani pwani ya bara, iliingia vizazi vitatu kabla ya Hamed, na haikumpunguzia nisba hata chembe. Mama yake mwenyewe alikuwa binti wa Habib bin Bushir el-Wardi. Upande huu wa mama ndio uliomfundisha biashara: safari zake za kwanza, akiwa kijana wa miaka kama 12, alifuatana na mjomba wake Bushir bin Habib na kaka yake wa mama mmoja, Muhammed bin Masud el-Wardi, kwenda karibu na pwani kutafuta sandarusi, utomvu wa miti uliouzwa ng'ambo. Kaka huyo alibaki mshirika wake wa biashara kwa miaka mingi.

Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makao Unyanyembe, nchi ya Tabora, na huko alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Ndoa ya namna hii haikuwa ya mapambo. Msafara uliofika Unyanyembe ulitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, ukahitaji chakula cha mamia ya watu na wapagazi wapya wa kuendelea mbele. Mkwe wa mtemi alipata vyote hivyo kwa masharti ya nyumbani. Hamed alipofika Tabora na baba yake, akiwa na miaka kama 18, hakuwa mfanyabiashara mgeni. Alikuwa mtoto wa mume wa Karunde.

Hamed mwenyewe alioa katika ukoo wa el-Barwani: mkewe mkuu alikuwa binti wa Salum bin Abdallah, mwanamke mwenye mali Zanzibar na Maskati. Ndoa hiyo ilimfanya ndugu wa ukoo uliotapakaa kutoka Lindi hadi Ziwa Tanganyika. Muhammed bin Khalfan, maarufu Rumaliza, bwana wa Ujiji, alikuwa el-Barwani pia na mbia wake. Ubia wa kindugu una upande wa pili. Biashara ilipovunjika, Rumaliza huyohuyo alimshtaki kudai fungu lake.

Hakuna tukio linaloonyesha thamani ya ukoo kama lile la Utetera, magharibi ya Lualaba, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Alilieleza mwenyewe katika habari za maisha yake alizoandika kwa Kiswahili, na kwa haya hakuwa na haya. Alisikia kwa watu kwamba mtawala wa Utetera, mzee aliyeitwa Kasongo Rushie, zamani alinyang'anywa dada zake wawili katika vita, wakapotelea utumwani. Tippu Tip akaketi akatunga. Akasema kwamba babu yake Habib bin Bushir alinunua mwanamke kutoka upande huo, akamfanya suria, akamzaa mama yake. Basi yeye ni mjukuu wa dada aliyepotea. Mzee akaamini, akampokea kama mtoto wa nyumba aliyerudi, akamwachia madaraka ya nchi na pembe zote zilizoandamana nayo.

Angalia alichokichagua kubuni. Hakudai kuwa na nyanya malkia. Alidai nyanya mtumwa. Kwa masikio ya Mzungu wa siku zile hilo lingekuwa kujivunjia heshima, lakini kwa sheria aliyokulia nayo halikuwa na doa. Suria aliyemzalia bwana wake mtoto hakuweza tena kuuzwa, na bwana alipokufa alikuwa huru. Mtoto alizaliwa huru, akabeba nisba ya baba na kurithi sawasawa na watoto wa mke wa ndoa. Masultani kadhaa wa Zanzibar walikuwa wana wa masuria. Ila sheria hiyohiyo ilikuwa na ukingo mkali. Mtoto wa mtwana na kijakazi alikuwa mali ya mwenye mama, na akiitwa mzalia hakuwa na baba anayetambulika mbele ya kadhi kwa urithi. Mwanamke yuleyule, tumbo lilelile: kilichoamua kama mtoto ni mrithi wa shamba au sehemu ya shamba ni nani aliyemzalisha.

Sasa fedha. Mtu wa misafara hakuanza na dhahabu mfukoni, alianza na deni. Wenye mitaji walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi wa mjini, na mkopeshaji mkuu wa Tippu Tip alikuwa Taria Topan, ambaye alikuja kushika pia forodha ya Zanzibar. Mkopo ulitolewa kwa bidhaa, yaani nguo, shanga, waya wa shaba, baruti, na bei yake ilipandishwa tangu siku ya kuandika hati. Kwa hiyo riba, ambayo dini inaikataza, ilikuwa ndani ya bei bila kutajwa. Malipo yalikuwa kwa frasila za pembe, na frasila moja ni kama kilo 16. Safari ikichelewa miaka miwili, mkopeshaji alingoja. Pembe zikiporwa njiani, deni lilibaki palepale. Aliyeweza kupata deni jipya juu ya la zamani ni yule ambaye ndugu zake walijulikana mjini. Kwa mwenye kukopesha, nisba ndefu ilikuwa orodha ya watu wa kudaiwa.

Kilichomtoa Tippu Tip kwenye kundi la wadaiwa wadogo ni vita vya 1867 dhidi ya Nsama, mtawala wa Itabwa, kati ya Ziwa Tanganyika na Mweru. Kwa hesabu yake mwenyewe alitoka huko na frasila 1,950 za pembe, ambazo ni zaidi ya tani 31. Baada ya hapo alikopeshwa kadiri alivyotaka. Faida ya pembe haikukaa sandukuni. Ilibadilishwa kuwa ardhi Unguja, kwa sababu shamba la karafuu ndilo lililomfanya mtu awe bwana mbele ya watu wa mji, na ndilo lililokubaliwa kuwekwa rehani.

Mkarafuu haukuwa mti wa zamani visiwani. Uliletwa kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi katika miaka ya 1810, na ulienea kwa amri na kwa tamaa wakati wa Seyyid Said. Ni mti unaohitaji mtu mwenye subira au mwenye mkopo. Huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, na miaka yote hiyo magugu hayangoji. Matumba yanachumwa yakiwa yameanza kuwiva rangi nyekundu lakini hayajafunguka. Likifunguka ua, bei imeanguka. Likiachwa zaidi, linakuwa mpeta, tunda lisilo na kazi sokoni kama karafuu. Na matumba ya mti mmoja hayawivi kwa pamoja, hivyo mchumaji anarudi kwenye mti uleule mara kadhaa kwa msimu. Tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika: anayekimbilia kujaza pakacha kwa kuangusha matawi anakata mavuno ya mwakani.

Jioni vishada vinachambuliwa kwa mkono, matumba upande huu, makonyo upande ule. Asubuhi vinaanikwa kwenye majamvi, vinageuzwageuzwa, siku nne hadi saba za jua. Kilo tatu mbichi zinatoa kama kilo moja kavu. Mvua ikizikuta zimeanikwa, au zikirundikwa zikiwa na unyevu, zinachacha na kupauka, na mnunuzi anaziona kwa mbali. Ndiyo maana shamba lilihitaji watu wengi sana kwa wiki chache na wachache tu kwa kipindi kirefu cha mwaka, na mwenye shamba alilazimika kuwa na wale wengi muda wote. Huu ndio moyo wa hesabu ya utumwa wa karafuu.

Juu ya wachumaji alikuwepo msimamizi, mara nyingi mtu huru, kisha nokoa na msaidizi wake kadamu, ambao kwa kawaida walikuwa watumwa wenyewe. Mtumwa wa shamba alimfanyia bwana siku tano. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zake, alime mhogo wake katika kipande alichopewa. Mhogo huo haukuwa hisani tupu. Ulimwondolea bwana gharama ya chakula. Wengine walipelekwa mjini kufanya kazi za siku, wakapewa kijibarua cha kuthibitisha kazi, na ujira wakagawana na bwana. Neno kibarua tunalotumia leo bila kuwaza limetoka huko.

Shamba la namna hii liliweza kuanguka kwa njia nyingi. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama. Waliopanda upya walikopa kusubiri miti ikue, na walipoanza kuvuna, wenzao wote walikuwa wanavuna pia, bei ikashuka. Mkopo wa shamba ulipitia mlango wa bei khiyari. Mwenye shamba "anamuuzia" mkopeshaji kwa, tuseme, reale 1,000, akibaki na hiari ya kulinunua tena ndani ya muda waliopatana. Siku hiyohiyo mkopeshaji anampangisha shamba lake mwenyewe, na kodi ndiyo riba iliyovaa kanzu. Muda ukipita, shamba limekwenda. Lakini hapa kulikuwa na kikwazo kisichoonekana kwenye hati. Raia wa Kihindi walio chini ya Uingereza walikatazwa kumiliki watumwa. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, alianza kuwaandikia uhuru maelfu waliokuwa mikononi mwao. Kwa hiyo mkopeshaji angeweza kuchukua miti bila wachumaji, na miti bila wachumaji ni kivuli tu. Wengi waliona heri kumwacha mdaiwa juu ya shamba, aendelee kuwa bwana kwa jina na kulipa kila msimu.

Njia nyingine ya kuanguka ilikuwa mirathi. Chukua mfano wa mwenye shamba yeyote aliyeacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na watumwa 80. Mke anapata thumni, yaani moja ya nane, watu 10. Waliobaki 70 wanagawanywa kwa mafungu matano, mwana wa kiume mafungu mawili, binti moja: 28, 28 na 14. Miti nayo inagawanywa hivyohivyo. Kwenye karatasi hesabu imekaa sawa. Uani, mgawanyo huo una maana kwamba mke na mume wa Kinyasa walioishi kibanda kimoja sasa wana mabwana wawili, na mtoto wao atakayezaliwa kesho ni wa mwenye mama. Vizazi viwili vya mgawanyo kama huo vilitosha kufanya shamba la mtu mmoja kuwa vipande ambavyo hakuna hata kimoja kinachoweza kulipa deni lake.

Turudi kwenye ile 10,000. Gawanya kwa mashamba 7 unapata zaidi ya watu 1,400 kwa kila shamba, ambao ni mji mdogo. Kwa maoni yetu idadi hiyo isisomwe kama wachumaji wa karafuu. Ni hesabu ya heshima: wa mashamba, wa nyumbani, vibarua wa mjini, wapagazi, wenye bunduki, na pengine waliokuwa bara chini ya jina lake. Na hata wakihesabiwa wote, haki yake juu yao ilikuwa inamomonyoka. Mkataba wa 5 Juni 1873 ulifunga soko la Mkunazini na kupiga marufuku kuleta watumwa kwa bahari; na Unguja ni kisiwa, hakuna njia nyingine ya kufika. Kwa kuwa utajiri wake mkubwa uliingia Zanzibar baada ya hapo, hasa na msafara wa 1882, watu wa mashamba yake ilibidi wawe wamenunuliwa kwa wenyeji wengine, au wazalia, au wamepenyezwa kwa siri. Amri ya Sultan Ali bin Said ya 1 Agosti 1890 ikaziba mlango wa kwanza: kuuziana kukakatazwa hata ndani ya kisiwa.

Amri hiyo ilikuwa na kifungu ambacho hakisemwi vya kutosha. Mwenye mtumwa akifa, mtumwa ni huru, isipokuwa marehemu ameacha watoto halali. Hao pekee ndio wangeweza kumrithi. Ndugu, mpwa, binamu, walioitwa kwenye kila mirathi kwa karne nyingi, walifungiwa nje. Siku moja tu, ule ukoo mpana uliokuwa mtaji ukafinywa ukawa baba na watoto wake.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Haikumwachia mtu huru kwa tangazo. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakama ya wilaya na kuomba, na alitakiwa aonyeshe atakaa wapi na atakula nini. Asipoweza, alihesabiwa mzururaji. Bwana aliyethibitisha kwamba alimmiliki kihalali alilipwa fidia, na thibitisho hilo ndilo lililowasumbua wenye idadi kubwa. Masuria waliwekwa kando, wakahesabiwa kama wake, hadi 1909. Wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Walibaki kwenye vibanda vyao, wakaendelea na mhogo wao, na kumlipa mwenye ardhi kwa siku za kazi. Baadhi ya walioandikiwa huru kwa mkono wa bwana waligundua kamba nyingine, walaa: aliyeachwa huru akifa bila mrithi, anayemrithi ni aliyemwacha huru au watoto wake.

Anayetafuta ukoo wa watu wa mashamba hayo asianze na jina la mtumwa. Mtumwa aliandikwa kwa jina moja, Feruzi, Mabruki, Bahati, au kwa siku, na waliofanana ni mamia. Aanze na jina la shamba na la bwana, afuate hati za rehani na mauzo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, kisha rejista za walioachwa huru, na atazame mwenye mama kabla ya kumtafuta baba. Na asishangae akikuta nisba ya bwana mwishoni mwa jina. Inaweza kuwa damu, na inaweza kuwa walaa.

Bara mambo yaligeuka kwa namna nyingine kabisa. Miji ya Kasongo na Nyangwe, upande wa Lualaba, ilikuwa na mashamba yake pia, ya mpunga, mahindi na miwa, yaliyolimwa na watumwa wa vita. Mwanawe Sefu, aliyeachiwa nchi hiyo ya Maniema, aliingia vitani na Dola Huru ya Kongo, dola ya mfalme wa Wabelgiji, mwaka 1892 na kuuawa 1893. Aliyeipindua mizani alikuwa Ngongo Lutete, aliyekamatwa utotoni akawa mtumwa, akapanda hadi kuwa jemadari wa Tippu Tip huko Lomami, kisha akahamia upande wa Wabelgiji. Mwaka 1893 Wabelgiji hao hao walimpiga risasi kwa tuhuma za usaliti. Wafuasi waliobaki, watu waliotekwa vijijini mwao na kutengwa na koo zao, hawakujiita watumwa wa Murjebi wala wa mtu yeyote. Walivaa kanzu, walisema Kiswahili, wakajiita waungwana, na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana.